Tupeane uzoefu: Umesafiri na watoto kwa ndege ya bei nafuu mkatenganishwa siti? Ulifanyaje?

Wadau, habari za jioni.

Likizo inakaribia na wengi humu tutapanda ndege na watoto, wengine kwenda Mwanza au Kilimanjaro, wengine nje ya nchi. Naomba tuliongelee hili la kulipia siti ili familia ikae pamoja.

Unanunua tiketi ya bei ya chini kabisa. Mko wanne: baba, mama, mtoto wa miaka minne na wa miaka saba. Mfumo unajua umri wa kila mmoja, maana tarehe za kuzaliwa umezijaza mwenyewe. Kisha inakuja picha ya ndege yenye siti za rangi rangi, kila rangi na bei yake, unaambiwa uchague. Usipochagua utapangiwa, na unaweza kukuta mama yuko safu ya 6, mtoto wa miaka minne yuko safu ya 19, siti ya katikati, kulia na kushoto kwake watu wazima asiowajua. Ukitaka mkae pamoja unalipia siti nne za kwenda na nne za kurudi, na ile nauli iliyokuvutia inakuwa nyingine kabisa.

Mimi yalinikuta na mwanangu wa miaka mitano kwenye safari ya nje. Kaunta wakasema niongee na wahudumu ndani ya ndege. Ndani mhudumu akasema niwaombe abiria wenzangu. Abiria wa dirishani alikuwa ameilipia siti yake na hakutaka kuhama, na ni haki yake. Wa katikati alikuwa na mkewe. Nikasimama pale kwenye njia namshika mtoto mkono, nyuma yangu foleni ya watu wenye mabegi, mtoto ameanza kulia. Kijana mmoja wa safu za nyuma ndiye aliyenyanyuka bila kuombwa. Shirika lilikuwa na taarifa zote tangu siku niliyolipa, lakini kazi ya kutupanga ikaishia mikononi mwa abiria.

Msimamo wangu ni huu: siti ya dirishani ni starehe, siti yenye nafasi ya miguu ni starehe, watoze. Mtoto mdogo kukaa na mzazi wake si starehe. Karibuni na visa vyenu, na mseme mlilitatuaje.

MwanaKirumba

Mleta mada nakuunga mkono, ila tusisahau tulikotoka. Fastjet ilipoanza hapa nchini Novemba 2012, Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, matangazo yalisema nauli inaanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Familia yangu ilikuwa haijawahi kupanda ndege. Tulizoea basi, unatoka alfajiri unafika usiku, watoto wamevimba miguu. Bei ile ilitufungulia mlango, na shirika lilipoondoka Tanzania mwishoni mwa 2018 tuliumia. Nauli ile ya chini iliwezekana kwa sababu kila kitu kililipiwa peke yake, mzigo, chakula, siti. Nikiambiwa nichague kati ya kulipia mzigo na kurudi kwenye basi, nitalipia mzigo. Lakini hili la watoto liondolewe kwenye orodha ya vitu vya kuuza, hapo tuko pamoja.

Halafu kwa safari za ndani angalieni aina ya ndege. ATR na Q400 zina siti mbili mbili kila upande. Mama mwenye watoto wawili hata akipangiwa vizuri lazima mmoja awe ng'ambo ya njia. Hiyo si kutenganishwa, unamfikia kwa mkono.

Wakala Kariakoo

Nakata tiketi kila siku, niwape yale ninayoyaona kwenye kompyuta.

Kubwa kuliko yote: familia iwe kwenye bukingi moja, namba moja. Watu wananunua tiketi ya baba ofisini kwake, ya mama na watoto wananunua kwa simu, kisha wanashangaa. Kwa mfumo hao ni wageni kwa wageni. Kama tayari mmenunua tofauti, pigeni simu shirika liziunganishe zile bukingi au liandike maelezo kwamba mnasafiri pamoja, na mfanye hivyo mapema, siti za jirani zikiwa bado zipo.

Pili, tarehe ya kuzaliwa iandikwe sahihi. Aliyetimiza miaka 12 anahesabiwa mtu mzima kwenye nauli, na mashirika mengi hayamwangalii tena kama mtoto hata kwenye siti.

Tatu, chekini kwa mtandao dakika ile ile inapofunguliwa. Wasiolipia siti wanapangiwa zilizobaki, na kadiri muda unavyokwenda zinazobaki ni moja moja za katikati. Ukifika kaunta wa mwisho, yule dada hana muujiza wa kukufanyia.

Nne, wenye vichanga. Siti tatu za upande mmoja kwenye Boeing 737 au Airbus A320 kwa kawaida zina vinyago vinne vya oksijeni juu yake, kwa hiyo kichanga cha kupakatwa ni kimoja tu kwa siti tatu hizo. Wazazi wenye mapacha wakitenganishwa na njia wasidhani wameonewa. Na safu za mlango wa dharura mtoto hakai, hata ulipe.

Bibi wa Likoni

Mimi nilikuwa nampeleka mjukuu Nairobi kwa mamake. Tukapewa viti mbali mbali. Nilipomwambia kijana wa kaunta kuwa mtoto ana miaka mitatu na ana pumu, na dawa ya kuvuta ninayo mimi, alibofya bofya pale akatupa viti viwili pamoja, hakunitoza hata shilingi. Kumbe nafasi ilikuwepo muda wote! Wanangu, semeni. Semeni kwa heshima lakini semeni, na kama kuna ugonjwa mtaje.

Mwenye Goti

Naomba nisikike na mimi wa upande wa pili. Goti langu lilifanyiwa upasuaji na silikunji vizuri. Kila safari nalipia siti ya njiani mapema ili niweze kulinyoosha. Nimeshaombwa kuhama zaidi ya mara moja nimpishe mama na mtoto, na nikikataa ndege nzima inaniangalia kama mtu mbaya. Siwezi kuanza kumweleza kila mtu habari za goti langu. Nawahurumia wazazi, kweli nawahurumia, lakini shirika ndilo linalotuweka mimi na yule mama tutazamane vibaya, huku mwenye ramani ya siti ni lenyewe.

Mtoto wa Tanga, Uingereza

Huku mambo yana utaratibu kidogo ingawa si sheria kamili. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza ina mwongozo unaosema watoto wadogo wakae safu moja na mtu mzima wao, na ikishindikana wasitengane kwa zaidi ya safu moja. Kila shirika linaufuata kwa njia yake. Ryanair tangu 2016 inamtaka mtu mzima mmoja anayesafiri na watoto wa chini ya miaka 12 alipie siti yake, kisha watoto hadi wanne wanapewa siti za pembeni yake bure. Kwa hiyo unalipia mtu mmoja badala ya watano. Bado ni kulipa, ila si mzigo ule wa kulipia familia nzima, na unajua mapema. Baba anaweza kukaa popote bila kulipa, hakuna ubaya.

Ushauri wangu kwa bajeti ndogo: msilazimike kulipia wote. Lipia mzazi mmoja na watoto, mwingine apangiwe popote.

Mhudumu Mstaafu

Nimefanya kazi ndani ya ndege kwa miaka mingi na ninayotaka kusema hayahusu pesa.

Kila safari tunatangaza: vinyago vikishuka, vaa cha kwako kwanza kisha msaidie mtoto. Tangazo hilo linachukulia mtoto yuko pembeni yako. Hewa ikipungua ghafla kwenye ndege iliyo juu sana, mtu ana sekunde chache tu za akili timamu. Mtoto wa miaka minne hawezi kukivuta kile kinyago, akakiweka vizuri puani na mdomoni, akavuta mpira. Nani atamvalisha? Yule mgeni aliyekaa naye, ambaye hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari?

Kuna pia kutoka kwa dharura. Ndege kubwa hazipewi kibali mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Sasa weka mama mbele na mtoto nyuma. Hakuna mama atakayetoka mlango wa mbele mwanawe yuko nyuma. Atageuka, atakwenda kinyume na watu wanaokimbia, na wote watakwama. Hili linamhusu hata abiria asiye na mtoto.

Hata bila dharura, ndege ikirukaruka kwenye mawingu na taa ya mikanda imewaka, nimeona wazazi wakifungua mikanda na kutembea kumfuata mtoto anayelia. Unawaambia wakae, hawasikii, na mimi kama mama siwezi kuwalaumu.

Ombi moja: msihame siti wenyewe kabla ya kutuambia, hasa kwenye ndege ndogo. Kuna hesabu ya uzito. Mwambieni mhudumu wakati wa kupanda, kabla watu hawajaketi.

Baba wa Toronto

Kanada hili ni kanuni, na naiandika muione kwamba inawezekana. Tangu Desemba 15, 2019 shirika linatakiwa kuwapanga watoto karibu na mzazi au mlezi bila malipo ya ziada. Chini ya miaka 5, siti ya pembeni yake kabisa. Miaka 5 hadi 11, safu ile ile na wasitenganishwe kwa zaidi ya siti moja. Miaka 12 na 13, wasitengane kwa zaidi ya safu moja. Inabana ndege zinazotoka, kwenda na hata za ndani ya Kanada, za bei nafuu na za bei ghali. Ndege za bei nafuu zinaendelea kuruka huku, hazikufa kwa kanuni hii.

Mama Asha, Muscat

Assalaam aleikum. Umri peke yake hautoshi. Mwanangu ana miaka 14, ana usonji, hazungumzi. Kwa karatasi ni mtu mzima. Akiguswa na mtu asiyemjua hupiga kelele na kujipiga kichwa. Mimi huwa sisubiri mfumo, napiga simu siku ile ile ya kununua tiketi, naomba iandikwe kwenye bukingi kuwa ni abiria mwenye mahitaji maalumu na mlezi lazima awe pembeni. Naandika jina la niliyezungumza naye na saa. Uwanjani naonesha barua ya daktari. Nikipiga simu mapema siti sijatozwa. Wenye watoto kama wangu, msilipe kabla ya kuuliza.

Mleta mada

Nimesoma yote, ahsanteni sana. Mhudumu Mstaafu, maneno yako kuhusu vinyago nimeyasoma mara mbili na kumpelekea mume wangu.

Niongeze tu kwamba Kanada haiko peke yake. India, Aprili 2024, mamlaka yao ya anga iliagiza mtoto hadi miaka 12 apewe siti na angalau mzazi au mlezi mmoja aliye kwenye bukingi ile ile. Marekani nako, Agosti 2024, wizara ya uchukuzi ilipendekeza kanuni ya kupiga marufuku kuwatoza wazazi ili wakae na watoto wa miaka 13 kushuka chini.

Kwetu Tanzania kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, liko chini ya TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na kazi yake ni kubeba hoja kama hizi za abiria. Malalamiko mengi yanayofika huko ni ya mizigo na safari kuahirishwa, hili la siti za watoto watu wanalimaliza wenyewe ndani ya ndege na kunyamaza. Naandaa barua. Waliotenganishwa na watoto wenye chini ya miaka 12, niandikieni faragha: tarehe ya safari, umri wa mtoto, safu mlizopewa, na jibu mlilopewa kaunta. Majina yenu sitayaweka. Mwenye boding pasi aliyoihifadhi aipige picha, afiche jina na namba ya bukingi, anitumie. Nataka niipeleke kabla shule hazijafungwa.