Naomba ushauri: herufi za TOYOTA kwenye grili ya Land Cruiser ya 1:24

Wakuu, heshima kwenu. Naunganisha Land Cruiser ya plastiki, ifanane na hizi za safari zinazopita Arusha kwenda Ngorongoro. Kazi imekwama kwenye nembo. Kwa kipimo hiki herufi ya milimita 48 inabaki milimita 2 tu, na brashi, hata ile nyembamba sana ya namba 000, inaziba matundu ya O na A.

Stika ya maji (ile unayoilowesha ili iteleze kutoka kwenye karatasi yake) iliyochapwa kwa printa ya wino huchuja isipopuliziwa vanishi kwanza, tabaka mbili nyembamba. Ya leza haichuji, ila nyingi ya printa hizo hazina wino mweupe, na herufi ninazotaka ni nyeupe. Karatasi yenye mgongo mweupe? Kingo zinaonekana. Halafu ukibandika juu ya rangi isiyong'aa, hewa inanaswa chini na kuleta ukungu wa fedha.

Fremu za vioo hazisumbui: foili ya kujinata, kijiti cha meno, wembe mpya (butu huchana).

Sasa, niagize herufi za bati zilizochongwa kwa asidi, au kuna namna ya kupata nyeupe hapahapa? Na kwenye grili yenye mbavu, stika inakaaje bila kudidimia katikati?