Mume ananipeleka kwenye futiboli ya chuo mwisho wa Novemba, Madison. Nivae nini, na nitazame nini?

BintiPwani ameuliza:

Habari za humu, wapendwa. Naomba ushauri, hasa kwa mliozoea majimbo ya baridi.

Tuko Madison, Wisconsin. Mume wangu alisoma chuo kikuu hapa kabla hatujaoana, na kwa futiboli ya Kimarekani haambiliki. Jumamosi za msimu, ukimpigia simu anapokea wakati wa mapumziko tu. Sasa kanunua tiketi mbili za mechi na Minnesota, ile ya wikiendi ya Thanksgiving (sikukuu yao ya shukrani), pale Camp Randall. Uwanja hauna paa. Ananiambia "utaipenda" kwa sauti ile ya dalali anayekuuzia kiwanja chenye mgogoro.

Baridi ninayoimudu mimi ni ile ya kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Hii ni ya kukaa kitako saa tatu na zaidi. Halafu mchezo wenyewe siuelewi: wanakimbia sekunde chache, wanasimama, wanajadiliana, wanabadilishana watu, linaingia tangazo. Nikimwuliza kitu, macho yako kwenye televisheni, na jibu analonipa linahitaji maelezo mengine.

Sitaki kukataa. Yeye amekaa kwenye shughuli za ndugu zangu tangu asubuhi hadi usiku bila kutazama saa, na majina ya shangazi zangu wote anayajua. Nataka niende, nisigande, na nisirudi nimenuna. Kwa hiyo: nivae nini hasa (msiniambie "vaa vizuri"), nitazame nini, na je, ni vibaya kuomba tuondoke kabla haijaisha?

---

MamaTatu_StPaul amejibu:

Dada, mimi niko Minnesota, kwa hiyo siku hiyo tutakuwa maadui. Lakini baridi haina timu, njoo nikwambie.

Anza na miguu. Kila mgeni hununua koti kubwa la bei mbaya, kisha anakwenda na raba. Pale unakaa kwenye benchi la alumini na nyayo zako ziko juu ya zege, na vyote viwili vinakunyonya joto bila huruma. Chukua kipande cha boksi, haya maboksi ya kuletewa mizigo nyumbani, ukitandike chini ya miguu. Watu watakuangalia robo ya kwanza (mechi ina robo nne). Robo ya tatu watakuomba uwamegee. Kitakoni weka mto mwembamba au blanketi lililokunjwa. Buti lisikubane. Ukirundika soksi tatu ndani ya buti la saizi yako, damu haipiti vizuri na vidole vinaganda haraka kuliko ungevaa soksi moja. Soksi moja nzito ya sufu, buti lenye nafasi, basi. Beba na jozi kavu ubadilishe kabla ya kuingia, maana kutembea kutoka mnakoegesha gari kutakutoa jasho hata kama hulihisi.

Mwilini, nguo ya kwanza kabisa isiwe pamba. Pamba ikinywa jasho haikauki, na ukikaa tu inakugeukia. Vaa ya sufu laini au zile za kubana za wakimbiaji, juu yake sweta, juu kabisa koti linalozuia upepo. Mapajani ndiko wengi wanakosahau: jinzi peke yake ni sawa na hujavaa. Vaa taiti nzito ndani, na kama mna suruali za theluji zivae juu bila aibu.

Vile vipakiti vya kupasha joto vina unga wa chuma unaopata moto ukikutana na hewa. Kwa hiyo vifungue mapema, vikiwa mkononi, si baada ya vidole kufa ganzi. Ndani ya buti hewa ni kidogo, ndiyo maana kuna vilivyotengenezwa kwa ajili ya vidole vya miguu. Nunua hivyo, ubandike juu ya soksi, kamwe si kwenye ngozi.

Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Tiketi siku hizi ziko kwenye simu, na betri kwenye baridi hushuka ghafla. Nimeona watu wazima wanabembeleza getini, simu imezima.

Na muulize mume mechi ni saa ngapi. Wanaopanga ni watu wa televisheni, na mara nyingi saa hutangazwa siku chache tu kabla. Kwa saa zetu za huku huwa ni saa tano asubuhi, saa nane na nusu mchana, au jioni. Ikipangwa saa nane na nusu, jua la mwisho wa Novemba linazama kama saa kumi na nusu hivi, kwa hiyo nusu nzima ya pili utakaa gizani. Vaa kwa ajili ya hiyo nusu ya pili, usidanganywe na jua la kuingilia.

---

Kocha wa Sebuleni amejibu:

Shemeji, mavazi umeshapewa. Mimi nakupa mchezo, na sitakuchosha.

Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikizifikisha, inapewa manne mengine. Isipofikisha, mpira unakwenda kwa wenzao. Ndiyo maana wakifika jaribio la nne wakiwa mbali, kwa kawaida wanaupiga mpira teke refu kuwasukumia wapinzani kwao, na ndiyo maana jaribio la tatu uwanja mzima unapiga kelele: hapo ndipo penye roho ya mchezo. Ubao utakuonyesha "3" na idadi ya yadi zilizobaki. Jifunze kusoma hiyo tu. Ikiwa ni la tatu na mpira wanao Minnesota, piga ukelele kama wenzako. Wisconsin wakiwa nao, nyamaza wasikilizane. Mumeo atakutazama mara mbili.

Pointi: kuufikisha mpira eneo la mwisho ni 6, kisha teke la nyongeza ni 1, au wanajaribu tena kuuingiza kwa 2. Teke la kati ya nguzo bila kufika mwisho ni 3. Na ukimkamata mwenye mpira ndani ya eneo lake mwenyewe, 2.

Nikupe mfano wa baridi uhifadhi hesabu. Novemba 25, 1950, huko Columbus, Michigan walicheza na Ohio State katikati ya dhoruba ya theluji. Mistari ya uwanja ilikuwa haionekani. Michigan hawakufikisha zile yadi 10 hata mara moja mechi nzima! Walilipiga lile teke refu la kuwasukumia wapinzani kwao mara 24. Na wakashinda 9 kwa 3. Hizo tisa ni 2 za teke la Ohio State lililozuiwa mpira ukatokea nje kupitia eneo lao la mwisho (nalo huhesabiwa 2), 6 za teke jingine lililozuiwa wakauangukia mpira eneo la mwisho, na 1 ya nyongeza. Ohio State walipata teke moja la nguzo, 3. Msimulie mumeo hiyo mkiwa kwenye foleni.

Kuhusu kusimama-simama: ukiona wachezaji wote wamezubaa bila sababu, ni tangazo la televisheni. Mtafute kando ya uwanja mtu wa kofia nyekundu. Akiingia ndani, tangazo limeanza. Huo ndio wakati wa kukimbilia chooni.

---

Mkweli Daima amejibu:

Mnamhangaisha dada wa watu bure. Mwambie aende na rafiki zake, wewe ubaki kwenye joto. Kupendana si lazima mgande wote wawili.

---

MamaTatu_StPaul amejibu:

@Mkweli Daima, kasema mwenyewe hataki kukataa. Soma swali.

Mimi mpira huu siupendi mpaka kesho, na naenda. Ninachoenda kutazama ni bendi na watu. Isitoshe, hao wawili wanashindania shoka, shoka kweli, lenye mpini mrefu ulioandikwa matokeo ya miaka yote. Wamekuwa wakicheza tangu 1890, na shoka lenyewe lilianza 1948. Filimbi ya mwisho ikilia, washindi wanalikimbilia na kwenda nalo kwenye nguzo za goli wakijifanya wanazikata. Vijana wakubwa, vifua hivi, wanacheza kitoto kabisa. Hiyo naipenda.

Kuondoka mapema si vibaya, ila mkubaliane nyumbani, si uwanjani. Mkisubiri mpaka meno yanagongana, yeye atasikia lawama na wewe utasikia kupuuzwa. Mjue pia kwamba viwanja vingi ukitoka hawakuruhusu kuingia tena. Na kuna jambo moja lisilo la kujadiliana: kidole au sikio likifa ganzi, ingieni ndani papo hapo. Kwenye vitabu wanasema tazama ngozi ikipauka, lakini kwa ngozi zetu weupe ule hauonekani haraka. Fuata ganzi. Pombe nayo inakudanganya, unahisi joto huku mwili unalipoteza.

---

Wa Mtaa wa Regent amejibu:

Nilisoma hapo, nitasema machache ya kienyeji. Mapumziko kati ya robo ya tatu na ya nne wanapiga wimbo fulani na uwanja mzima unaruka. Walianza 1998 na wanaendelea hadi leo. Jukwaa la juu unalisikia linatikisika chini ya miguu, usiogope. Ruka na wewe, kwa sababu ndipo miguu inapopata damu tena. Mkitaka kuondoka mapema, ondokeni baada ya hapo, si kabla. Akikosa hiyo kwa ajili yako atakusamehe, lakini hatasahau.

Mkibaki mpaka mwisho, msitoke na umati. Bendi inabaki uwanjani inapiga na kucheza, wenyewe wanaiita robo ya tano. Foleni ya kutoka inapungua huku unatazama.

Kama viti vyenu viko upande wa mashariki mna bahati, jua la mchana linawapiga usoni. Upande wa magharibi kivuli kinaingia mapema. Mkoba wa kawaida uache nyumbani, hawataupitisha. Uliza mume vipimo vya mfuko unaoonyesha ndani, viko kwenye maelekezo ya tiketi.

---

BintiPwani amejibu:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea vyote. Kwenye boksi alicheka, kwenye ile mechi ya 1950 akanikatiza akamalizia mwenyewe, kumbe anaijua kwa moyo. Viti vyetu ni magharibi, eti ndiko anakoona vizuri.

Tumeafikiana: tunaruka, halafu ananiuliza mara moja tu kama nataka kwenda. Nikisema ndiyo, tunakwenda bila kuguna. Nikisema hapana, tunabaki mpaka shoka.

Swali la mwisho. Glavu za vidole au zile za gumba peke yake?

---

MamaTatu_StPaul amejibu:

Za gumba, vidole vinapeana joto. Ndani vaa nyembamba za vidole ili ukitoa simu getini usibaki mikono mitupu. Na kwa kuwa mko magharibi, ongeza blanketi la pili.