Benki imegoma kurudisha rambirambi, naomba msaada wa fomu

Kutoka: Bint Tanga, Reading

Asalaam aleykum, na shikamooni wakubwa wote. Kwanza niwashukuru tena kwa msiba wa mama, mlichonifanyia sitakisahau. Naandika kwa uzito sana leo, ile rambirambi mliyonichangia, £2,760, ambayo nilikuwa naitunza kwa ajili ya arobaini, imeibiwa yote.

Nilirudi kutoka Tanga Jumanne. Alhamisi saa 5 asubuhi simu ikaita, naangalia namba ni ile ile iliyoandikwa nyuma ya kadi yangu, nikapokea. Mwanaume, sauti ya upole kabisa, akanitajia jina langu kamili, postikodi yangu, akajua hadi kwamba wiki ile nilitumia kadi Dar, na kweli nilitumia. Akasema kuna watu wanajaribu kununua simu mbili kwa akaunti yangu, kwahiyo nihamishe pesa haraka niweke kwenye "akaunti salama" waliyonifungulia. Programu ya benki ikaniandikia jina halilingani, nikamwambia, akanijibu akaunti ni mpya mfumo bado haujaisoma dada, bonyeza endelea. Nikabonyeza. Nilikuwa bado na mtandio wa msibani begani na sijala tangu jana yake.

Benki walinikatalia mara ya kwanza, wanasema nilipuuza onyo. Nimelalamika wamefungua upya na wamenitumia fomu. Swali la 7 linauliza kama wakati wa tukio nilikuwa kwenye mazingira magumu yanayoweza kumfanya mtu asiweze kujilinda. Nijibu ndio au hapana? Mama amefariki tarehe 3 na hii imetokea siku 19 baadaye. Fomu inatakiwa Ijumaa.

---

Kutoka: Mzee wa Leicester

Marahaba mwanangu, pole sana, na usijilaumu hata kidogo. Sheria iko upande wako. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki zote zinatakiwa kumrudishia mteja aliyetapeliwa akahamisha pesa mwenyewe, ndani ya siku 5 za kazi, mpaka £85,000. Waandikie tu barua kali uwatajie PSR, wasimamizi wa mifumo ya malipo, wataogopa. Na ripoti leo leo Report Fraud, kituo cha kuripoti utapeli kilichokuwa kikiitwa Action Fraud, upate namba.

Mimi mwaka juzi walinipigia wanajifanya HMRC, watu wa kodi, eti nina deni la kodi na askari wako njiani kuja kunikamata nisipolipa kwa kadi za zawadi za dukani. Nimelipa kodi nchi hii miaka 31 sijawahi kusikia serikali inalipwa kwa kadi za zawadi, nikakata simu. Lakini mama Halima wa mtaa wetu alilipa, masikini, kwa hofu tu.

---

Kutoka: Fundi wa Coventry

Mzee shikamoo lakini naomba tusimpotoshe dada. Sio malipo yote na sio "lazima ndani ya siku 5". Ni malipo ya Faster Payments na CHAPS tu, yaani njia mbili za kuhamisha pesa benki kwa benki, kutoka akaunti ya Uingereza kwenda akaunti ya Uingereza. Kadi haimo, kutuma nje haimo. Benki inaweza kusimamisha hesabu ya hizo siku 5 ikisema inachunguza, mpaka siku 35 za kazi, na inaweza kukata £100 ya kwanza. Mwanzo kiwango cha juu kilipangwa kiwe £415,000 wakakishusha kabla hata sheria haijaanza. Na una miezi 13 ya kudai, sio milele.

Najua haya kwa sababu yalinikuta na mimi sikurudishiwa. Mnajua naagiza injini Japani. Mwenye kampuni tumefanya biashara miaka 6, tunaandikiana imeili, siku moja inakuja invoisi kama kawaida, nembo ile ile, kontena lile lile, ila maelezo yanasema tumebadilisha benki kwa ajili ya ukaguzi wa mahesabu. Nikatuma £6,400. Wiki mbili baadaye Mjapani ananiuliza mbona kimya. Nilipokaa na mwanangu tukaifungua ile anwani tukaikuza kwenye skrini, palipotakiwa kuwa na m paliandikwa r na n, zikikaa karibu jicho linasoma m. Walikuwa ndani ya imeili yake wanasoma tu, wakasubiri mzigo mkubwa ndio wakaingilia. Siku hizi akaunti ikibadilika hata tarakimu moja napiga simu, na napiga namba ya zamani niliyonayo mimi, sio iliyoandikwa kwenye hiyo imeili. Kila mwenye biashara humu afanye hivyo, iwe saluni, iwe kontena, iwe kampuni ya walezi.

---

Kutoka: Dada wa Glasgow

Kila mara nasema na kila mara mnasahau kwamba hamuishi peke yenu kisiwa hiki. Report Fraud sio ya Scotland. Huku tunapiga 101 polisi. Kuna mtu wa humu alifuata ushauri wa group akazungushwa siku nne bure.

Bint Tanga pole mdogo wangu. Ile namba kuonekana ni ya benki sio miujiza, kompyuta inaweza kuandika namba yoyote kwenye kioo chako. Ukipigiwa kata, kisha piga 159, inakuunganisha na benki yako halisi. Meseji za kifurushi, za eVisa, za sijui faini, zipeleke 7726 halafu futa.

Na msidhani ni sisi tu wanyonge tunaibiwa. Mimi nilikuwa zamu Ijumaa ile ya 12 Mei 2017, siku ya WannaCry, kile kirusi cha kufunga mafaili ya kompyuta. Kompyuta ya wodi ikawa nyekundu, maandishi yanadai dola 300 za bitcoin la sivyo mafaili yanapotea, tukarudi kwenye karatasi na kalamu, mimi nakimbia na majibu ya damu mkononi ngazi tatu kama niko dispensari ya kijijini. Microsoft walishatoa kiraka mwezi Machi, mashine nyingi zilikuwa hazijawekewa. Kwahiyo mwenye ofisi humu, ile "sasisha baadaye" mnayobonyeza kila siku muiache, na mafaili ya wateja muwe na nakala nyingine iliyochomolewa kabisa kwenye mtandao.

---

Kutoka: Mpwani wa Leeds

Pole sana dadangu. Sisi wa Mombasa pia tunalia na haya. Shangazi yangu aliswapiwa laini akiwa hapa Bradford, mtu alienda na kitambulisho feki akapewa laini mpya, simu yake huku ikakosa netiweki ghafla, akadhani ni hali ya hewa. Kufikia asubuhi wameingia M-Pesa, wameingia WhatsApp, wanaomba ndugu wote pesa ya hospitali kwa jina lake. Simu ikikosa netiweki bila sababu usilale. Na WhatsApp wekeni ile pini ya pili ya tarakimu 6, dakika moja tu.

---

Kutoka: Mzee wa Leicester

Fundi nimekusikia, asante kwa kusahihisha, ila ungenipigia tu.

Nyumbani nako ni ile meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii". Dada yangu Korogwe alituma laki mbili akidhani ni mimi. Wenye laini za Tanzania pigeni *106# muone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu cha taifa (NIDA), na namba ya tapeli mtume kwenda 15040. Lakini mimi naingiaje kwenye hayo, nimechukua pasi ya huku, Tanzania wamenivua uraia, kiwanja cha baba nakiangalia kwenye picha. Wakenya tangu Katiba ya 2010 wana uraia wa nchi mbili na nchi yao haijazama. Pesa tunazotuma wanazipenda, sisi wenyewe hatutakiwi.

---

Kutoka: Fundi wa Coventry

Mzee hapo nakuunga mkono mia kwa mia, wenye asili ya Tanzania wana hadhi maalumu sasa lakini hadhi sio uraia.

---

Kutoka: Mwanafunzi, Cardiff

Shikamooni. Samahani kuingilia, ila pesa ya dada huenda imepita kwenye akaunti ya mtu kama mimi. Mwaka wa kwanza chuo kijana aliniomba akaunti, eti ya kwake imefungwa, apokee mshahara £900, nibaki na £100. Nilikuwa sina nauli. Baada ya wiki 3 benki wakafunga akaunti, benki nyingine zote zikanikataa, nikaambiwa nina alama ya Cifas, orodha ya utapeli ambayo benki zote zinaiangalia, miaka 6. Napokea mshahara kwa akaunti ya kadi ya mtandaoni isiyo na chochote. Sikujua kuna mama ambaye analia upande wa pili. Naomba wazazi muwaambie watoto wenu.

---

Kutoka: Dada wa Glasgow

Mwanangu umefanya vizuri kusema. Nitafute pembeni.

Kuhusu swali la 7 mimi ningejibu ndio, msiba ni msiba.

---

Kutoka: Fundi wa Coventry

Dada angalia, akijibu ndio si wanaweka alama kwenye faili lake, kesho anaomba mogeji, mkopo wa nyumba, wanamwona hajiwezi? Mimi ningeacha wazi. Ila FOS, wasuluhishi wa malalamiko ya benki, wanapokea malalamiko bure, una miezi 6 tangu benki wakupe barua ya mwisho.

---

Kutoka: Dada wa Glasgow

Hakuna alama ya namna hiyo kwenye mikopo, unachanganya na ya yule mwanafunzi wa Cardiff.

---

Kutoka: Fundi wa Coventry

Una uhakika? Umeiona wapi?

---

Kutoka: Mzee wa Leicester

Arobaini ni lini mwanangu? Mimi na mama watoto tunaleta £150 tena, na wengine wajitokeze. Mama yako alinipikia mkate wa kumimina mwaka 1988 pale Chumbageni, nilikuwa kijana sina ndugu mjini. Haiwezekani arobaini yake ikakosa sinia.

---

Kutoka: Bint Tanga, Reading

Mzee nimelia. Allah awalipe wote. Arobaini ni Jumapili ya wiki ijayo, Tanga watasoma hitma nyumbani na huku tutasoma kwangu baada ya adhuhuri.

Fomu ninayo hapa mezani, nimejaza yote mpaka la 6. Hilo la 7 ndio bado. Nimepiga benki nimekaa kwenye foleni dakika 50 ikakatika. Kuna yeyote humu ameshaijaza hii fomu mwenyewe, akaandika ndio, na akajua walimjibu nini? Kesho ni Alhamisi.