Hivi Mbagala ni mkoa mwingine?

mtoto_wa_zakhem: Wadau, jana ofisini nimesema naishi Mbagala, hapa hapa Dar, dada mmoja wa Masaki kaniuliza "huwa unalala njiani?" yaani hajawahi hata kuvuka Mtongani, ila Dubai anaijua mitaa yote. Nyie mnajibuje?

bodaboda_mstaafu: Hahaha bora huyo. Mie nikisema Mbezi watu wananichangamkia wakidhani Mbezi Beach kwa wenye hela, nikisema ile ya Luis, kwenye stendi ya Magufuli, sura zinabadilika hapo hapo.

shangazi_kgb: Kigamboni tuna daraja tangu 2016 bado naulizwa kama pantoni inafanya kazi usiku 😂

mtoto_wa_zakhem: Ila shangazi na wewe juzi ulisema Tandale huingii bila mgambo.

shangazi_kgb: Eeh hiyo tofauti bwana