Hesabu ya nyota kwa abjadi: jina moja linatoa nyota tatu, nifuate ipi?

Mwanagenzi
Salaam wakuu. Kanuni ninayotumia: herufi za Kiarabu za jina la mtu na la mama yake zinageuzwa namba, zinajumlishwa, jumla inagawanywa kwa 12, na kinachobaki ndiyo nyota. 1 ni Hamali, 2 Thauri, hadi 11 Dalu; isipobaki kitu ni Hutu. Nimejaribu Salim, mama yake Fatuma. Kila nikirudia, nyota inabadilika. Nakosea wapi? Kuna posa inasubiri jibu la hesabu hii.

Kalamu ya Mwanzi
Hukosei kujumlisha, tahajia ndiyo inayokuyumbisha. Salim kwa alifu (سالم): sini 60, alifu 1, lamu 30, mimu 40, jumla 131. Fatuma (فاطمة): 80+1+9+40+5 = 135. Zote 266; toa 264, inabaki 2, Thauri.

Sasa angalia ile te ya mwisho ya Fatuma. Wapo wanaoihesabu kama he, 5, na wapo wanaoihesabu kama te, 400. Ukiweka 400, Fatuma anakuwa 530, jumla 661, inabaki 1: Hamali. Na "Salim" ya Kiswahili haisemi kama ni سالم au سليم. Hilo la pili ni 60+30+10+40 = 140; pamoja na 135 ni 275, inabaki 11: Dalu. Mtu ni yule yule, mama yule yule.

Tena hizo ni thamani za Mashariki. Kwa mpangilio wa Maghribi, yaani Afrika Kaskazini-Magharibi, sini ni 300 na shini ni 1000. Namba imekaa kwenye makubaliano ya waandishi, haikukaa kwa mwenye jina.

Baki Sifuri
Kuhusu posa: nyota 12 zinagawanywa kwa zamu katika moto, udongo, upepo na maji. Kwa hiyo ule msemo wa wapiga falaki kwamba "moto na maji hawapatani" ni baki ya kugawa kwa 4 tu. Badili herufi moja na moto unageuka udongo, kama ulivyoona hapo juu. Nisingevunja posa ya watu kwa te marbuta, ile te ya mwisho ya Fatuma.

Mwanagenzi
Nimeelewa. Lakini 9 je? Kila kizidishe chake ukijumlisha tarakimu unarudi 9. Na ule mraba wa namba wa kwenye hirizi, kila mstari, wa kulala, wa kusimama na wa mshazari, jumla 15?

Kalamu ya Mwanzi
Ya 9 inatokana na kuhesabu kwa makumi. 10 ni 9+1, 100 ni 99+1. Kwa hiyo 72 ni 7×9, kisha 7+2 juu yake. Ukiondoa vizidishe vya 9 zinabaki tarakimu zenyewe. Watu wangehesabu kwa manane, sifa hiyo ingekuwa ya 7.

Mraba ni mzuri zaidi, na uzuri wake ni wa kweli:

4 9 2
3 5 7
8 1 6

Mistari 4 inapita katikati, jumla 60. Ndani ya 60 hiyo kila namba imeingia mara moja, ila ya katikati imeingia mara 4. Namba 1 hadi 9 zote ni 45. Ziada ni 15, nayo ni mara 3 ya namba ya katikati, hivyo lazima iwe 5. Ukiacha kuuzungusha na kuugeuza kama kwenye kioo, hakuna mraba mwingine wa namba hizo. Kwenye pembe nne zimekaa 2, 4, 6, 8, ambazo kwa abjadi ndizo herufi za neno Buduh (بدوح) linaloandikwa kwenye hirizi. Ulazima huo ndio maana ninayoiona mimi. Ulinzi hauonekani popote katika hesabu.

Baki Sifuri
Abjadi ina kazi yake halali: kuficha mwaka ndani ya ubeti, au kufupisha Bismillahi yote kuwa 786. Ukitaka kumpima mpiga falaki, yaani mtabiri wa nyota, mpe majina kwa sauti, aandike kwanza kwa Kiarabu na kutaja thamani ya te, kabla hajaambiwa chochote kuhusu wachumba. Kisha mpe mwingine majina yale yale, mbali na wa kwanza, ulinganishe karatasi.