Msimulizi anayebadilisha dadu kwa siri naye anachakachua? Tujadili

MLETA MADA

Wadau, katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika tunawabana wachezaji wanaochakachua dadu, halafu tunamsifu msimulizi, yule anayeongoza hadithi na maadui, anayefanya yaleyale nyuma ya kadibodi inayoficha dadu zake. Mimi nasema sheria iwe moja kwa wote: dadu irushwe pale ambapo kila mtu anaiona.

Mbinu za wachezaji mnazijua. Mtu anarusha dadu ya nyuso 20 karibu na kifua, anaikwapua kabla mwenzake hajainama kutazama, kisha anatangaza "kumi na tisa!" Dadu ikiegemea kitabu ikionyesha 3, haihesabiki, ikiegemea ikionyesha 18, inahesabika. Mchawi wake ana nafasi tatu za uchawi, ameshatupa moto mara tano na penseli haijagusa karatasi. Mwingine analeta mhusika aliyemrushia dadu nyumbani, mwenye alama 18, ya juu kabisa kwa dadu, katika uwezo wa aina tatu! Kwa njia ya zamani ya kujumlisha dadu tatu za nyuso sita, 18 hutoka mara 1 katika 216. Hata ukirusha nne na kuiondoa ndogo, haifiki mara 2 katika 100.

Lakini hesabu hizo peke yake hazitoshi kumwita mtu mwizi. Dadu ya nyuso 20 kutoa 20 mara tatu mfululizo ni bahati ya 1 katika 8,000, na kwa jinsi watu wengi wanavyocheza, kuna mwaminifu inamtokea. Ndiyo maana nang'ang'ania dadu za wazi. Hazihitaji kumtuhumu mtu.

Kuna wasimulizi wanaotoa adhabu ndani ya hadithi: joka linamwandama yeye tu mpaka mhusika wake afe. Hilo silikubali hata kidogo. Aliyechakachua ni mtu, si mhusika. Kikao kijacho atarudi na jina jipya na 18 zilezile, na wenzake hawajaambiwa lolote. Mwite pembeni, mweleze ulichokiona, msikilize. Mara nyingi utakuta anaogopa kumpoteza mhusika aliyemlea kwa miezi, na hilo linazungumzika. Akirudia baada ya hapo, aondoke mezani.

Sasa msimulizi. Tangu Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, itoke mwaka 1974 amekuwa na siri zake: ramani, mitego, uhai wa joka. Kuficha hayo ni kazi yake. Ila dadu ikisema 17 naye akasema 4, huo ni uongo. Kama hataki mhusika afe, asirushe. Aseme tu joka limemteka. Ukirusha dadu umeahidi kulifuata jibu lake.

Naomba kuwasilisha.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, kwa mchezaji niko nawe, kwa msimulizi hapana. Yeye hashindani na mtu. Mchezaji akidanganya anajipendelea mwenyewe. Msimulizi akipunguza pigo anaibeba meza nzima. Hebu fikiria mgeni aliyekaa jioni nzima akiandika historia ya mhusika wake, halafu pambano la kwanza tu 20 moja inamuua. Huyo humwoni tena. Isitoshe, Gary Gygax mwenyewe, katika mwongozo wa wasimulizi wa mwaka 1979, alimpa msimulizi haki ya kuupindua uamuzi wa dadu. Unaitaje wizi kitu kilichoruhusiwa na mmoja wa waasisi wa mchezo?

MCHANGIAJI WA PILI

Kwa hao wa 18 tatu dawa ipo. Toleo la 2014 la Dungeons & Dragons linaruhusu kumjenga mhusika kwa pointi 27, na hakuna uwezo unaozidi 15 kabla ya nyongeza za asili yake. Hakuna dadu, hakuna ubishi. Na kwa msimulizi, ipo michezo ambayo yeye harushi kabisa. Apocalypse World ya mwaka 2010 ni mfano: mchezaji anarusha dadu mbili za nyuso sita, 10 kwenda juu amefaulu, 7 hadi 9 amefaulu kwa gharama fulani, chini ya hapo msimulizi anamletea balaa. Kadibodi inakosa kazi.

MLETA MADA

Mchangiaji wa pili, asante sana, hiyo ya pointi 27 ningeifanya sharti kwa kila meza ya watu wasiojuana.

Mkuu wa kwanza, hoja ya Gygax ni nzito na siikwepi. Lakini kupewa haki ya kuipindua dadu si kulazimishwa kuficha kwamba umeipindua. Huyo mgeni unaweza kumlinda waziwazi: kabla ya mchezo kuanza, tangaza kwamba katika kikao cha kwanza hakuna mhusika atakayekufa. Amelindwa, na hakuna aliyedanganywa. Hata meza ikikubaliana kwamba msimulizi anaweza kubadilisha dadu anapoona inafaa, mimi sina neno, maana kila aliyekaa pale amelikubali. Ninachokataa ni wachezaji kushangilia ushindi wakiamini ni wao walioupata, kumbe waliachiwa.

Nikuulize basi, na nauliza kwa nia njema: wale uliowaokoa hivyo, umeshawahi kuwaambia?