Wapenzi wa gemu za nyambizi tupeane uzoefu: kipi kilikunasa, kipi kilikukera

Kina Kirefu (mleta uzi)
Wakuu salaam. Nimeirudia Silent Hunter III, gemu ya 2005 hiyo, unaendesha nyambizi ya Wajerumani kwenye vita vya pili vya dunia, juzi nimekaa masaa mawili natafuta msafara wa meli Atlantiki sioni hata moshi, na hapo muda nimeukimbiza mpaka mwisho, mara 1024. Waifu akapita akauliza hivi unacheza au unaangalia maji? Nikakosa jibu. Sasa usiku uleule ikachomoza meli ya mafuta kwenye ukungu, iko peke yake, aisee mikono ilitetemeka, na gemu za kupiga risasi hazijawahi kunifanyia hivyo hata siku moja. Yaani kwangu utamu na kero ni kitu kilekile, kusubiri. Nyie ilikuwaje?

Bubu wa Sona
Mkuu mimi kilichonitesa ni mahesabu. Nilijifanya mjuaji nikazima usaidizi wote, kwahiyo meli unaitambua mwenyewe kwenye kitabu, unapima mlingoti kwa periskopu (lile bomba la kuchungulia juu ya maji) upate umbali, unakadiria mwendo, halafu unaangalia imekuonyesha ubavu gani na kwa digrii ngapi. Nikaamini inaenda kushoto kumbe inaenda kulia 😂 Topido nne zote (yale mabomu yanayokimbia majini) zikapita nyuma yake, na ile nyambizi yangu, Type VII ya Wajerumani, inabeba 14 tu. Ila siku ya kwanza kupatia kwa hesabu zangu mwenyewe nilisimama kwenye kiti. Kasoro ni kwamba gemu yenyewe haikufundishi vya kutosha, nimejifunzia video za watu.

Topido Butu
Hahaha Bubu umenikumbusha mbali. Mimi ni wa Silent Hunter 4, ile ya Pasifiki ya 2007, unaendesha nyambizi ya Wamarekani. Nimevizia meli vizuri kabisa, ubavu wote uko wazi mbele yangu, topido ikaenda ikagonga... kimya. Ya pili, kimya. Nikasema hili bagi, kosa la programu, nikafuta gemu nikainstall upya, yaleyale. Kuja kusoma kumbe ndo historia yenyewe, topido za Mark 14 kweli zilikuwa zinapita chini mno na kidude cha kulipulia kinagoma, hasa ukipiga ubavu ukiwa umenyooka kabisa, na hawakuzinyoosha mpaka 1943. Toka hapo napiga kwa mshazari. Kwenye settingi unaweza kuzima hiyo kitu lakini sijawahi, naona kama kudanganya mtihani.

Kina Kirefu
@Topido Butu yani umefuta gemu nzima kwa kosa la topido za 1942 🤣🤣

Dada Periskopu
Mi nasifia sauti. Vaa hedifoni, zima taa, usikilize sona ya adui, kile chombo cha kukutafuta kwa sauti, inavyokupigia ting... ting... inasogea, halafu kimya, hapo ujue mabomu yanashuka. Ila betri jamani! Chini ya maji hata maili 8 za baharini kwa saa haufikishi, na ukikimbia hivyo umeme unakatika ndani ya muda mfupi sana. Nilikimbia kwa uoga badala ya kutambaa taratibu, betri ikaisha, nikapanda juu mwenyewe nikawakuta wananisubiri. Hiyo sikulaumu gemu, nilijiua. Ninacholaumu ni akili za hao maadui kwenye gemu moja nisiyoitaja, leo anapita juu yako hakusikii, kesho umezima kila kitu anakuja moja kwa moja kama umempa lokesheni.

Baharia Mstaafu
Wavivu wa kusubiri nendeni Cold Waters ya 2017, zile za nyuklia, mechi inachangamka. Kuna tabaka la joto la maji unajificha chini yake sona inapata taabu kukushika. Tatizo unaitazama nyambizi kutokea nje muda mwingi, ile kuhisi umefungiwa ndani ya bomba na wenzako haipo. Nilichoka nikarudi Atlantiki.

Mgeni wa Maji
Mi sina cha kuchangia wakuu, nilianzia bandarini nikakanyaga injini full nikagonga gati. Sijawahi kuiona bahari.